Swali Lililokuja na Gari Moshi

Wiki iliyopita mlinijia hapa Ipuli, ninyi wanafunzi wa ukutubi, mkaniamkia vizuri, mkanywa chai yangu, kisha mmoja wenu akafungua mkoba na kunisomea kichwa cha utafiti wake. Kilianza na "Changamoto zinazowakabili", kikapitia "katika kuhamasisha utamaduni wa", na nilipokwenda jikoni kuongeza maji kwenye birika nikarudi, bado kilikuwa hakijafika kwenye nukta. Nikawauliza tatizo lenyewe ni lipi. Mwenzenu mwingine akasema kwa upole, "Babu, tatizo ni kwamba mwalimu anataka tatizo."

Nilicheka mpaka mkadhani nimepaliwa. Lakini mlipoondoka niliona haya kidogo, maana mlikuja kuomba msaada nikawapa kicheko. Basi leo ninawaandikia. Msitegemee hatua moja, mbili, tatu. Hizo mnazo vitabuni mwenu, tena kwa michoro. Mimi nitawaeleza jinsi tatizo la utafiti lilivyonifikia mwenyewe enzi za Mwingereza, na jinsi lilivyotaka kunirudisha kubeba magunia.

Chumba cha kusomea cha mji wetu wa Tabora kilikuwa Kanyenye, ndani ya ghala la zamani lililotazama iliyokuwa njia ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita hapa kuelekea Ujiji. Ghala lilikuwa la ukoo wa Mzee Hilali, mfanyabiashara wa asili ya Oman, naye aliliazimisha kwa Serikali kwa moyo mweupe. Babu yake alihifadhi humo pembe za ndovu. Kuta zilikuwa nene na ndani kulikuwa na ubaridi hata jua la Oktoba likiwaka, na kwa sababu hiyo wateja wetu waaminifu walikuwa watu waliokuja kulala. Kwa kanuni zetu hao ndio waliokuwa wasomaji bora kabisa. Hawakusema neno, hawakuchafua kitabu wala hawakuazima kitu.

Ukutani, juu ya meza yangu, kulikuwa na kibao cha mbao kilichoandikwa KIMYA kwa rangi nyekundu. Chini ya kibao nilikaa mimi na rula. Rula hiyo ilikuwa nusu ya elimu yangu ya ukutubi. Nusu ya pili ilikuwa kupanga vitabu kwa namba. Mtu akinong'ona, nagonga meza. Akitikisa midomo wakati wa kusoma, nagonga. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na mkubwa aliyenifundisha aliniandikia cheti cha kunisifu, ambacho mama watoto alikitundika sebuleni kikaliwa na mchwa.

Sasa, mji ulikuwa na kamati, na kamati ikaona chumba kitupu. Mwenyekiti wake, Mwingereza mmoja mrefu aliyezipenda karanga kuliko kitu chochote kilichochapishwa, alikuwa anatafuta bohari la mbegu. Akaliona ghala letu, akavuta pumzi ya ule ubaridi, akasema mbegu zingestarehe sana humu. Lakini hawakutufunga papo hapo. Walitaka kwanza ufanyike utafiti, kwa kuwa hata siku hizo ilikuwa ustaarabu kulichunguza jambo kabla ya kulifanya vilevile ulivyokwisha kukusudia.

Kwangu mimi maana yake ilikuwa wazi. Chumba kikifungwa, ninarudishwa kwenye ghala la mizigo la stesheni, nilikotoka. Na msimamizi wa ghala hilo alikuwa Kondo. Kondo alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na ninyi mnaujua utani wetu, ule uliozaliwa na safari za pwani, unaomruhusu mtu kukutukana hata msibani kwako nawe ukamshukuru kwa kufika. Aliposikia habari za kamati alikuja mpaka mlangoni pangu, akaingiza kichwa na kunong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Mtani, nimekuwekea gunia lako. Nimeliandika jina kabisa." Nikagonga rula. Akaondoka anacheka. Mimi sikucheka, roho ilikuwa juu juu.

Mtafiti aliletwa na gari moshi kutoka Dar es Salaam. Aliitwa Misi Holt. Alishuka na sanduku moja, baiskeli moja na swali moja, na swali lilikuwa limekwisha kupigwa chapa: "Kwa nini wenyeji wa Tabora hawapendi kusoma?"

Hebu litazameni vizuri swali hilo, maana bado ninakutana na wajukuu zake katika karatasi zenu. Limekwisha kujua kila kitu. Linajua kwamba hatupendi, linajua kusoma ni nini, linawajua wenyeji wote kwa mkupuo. Limebakiza sababu tu. Ni kama askari anayekukamata na kukuuliza kwa nini umeiba, wakati hata hajaangalia kama kuna kitu kilichopotea. Misi Holt hakulitunga yeye, alikabidhiwa. Hata hivyo alilibeba kwa uaminifu, na mimi nikalitafsiri kwa uaminifu, tukazunguka nalo Kanyenye nzima, yeye na karatasi zake, mimi na wino.

Tulipokelewa vizuri mno. Kila tulikobisha hodi tulipewa kiti. Misi Holt aliuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kilichonyooka kuliko changu, "Je, bwana, wapenda kusoma?"

"Ah, sana, mama! Kusoma ndiyo taa."

"Mbona basi huji kwenye chumba cha kusomea?"

"Nakuja kesho, Mungu akipenda."

Wote walikuwa wanakuja kesho. Mshona nguo, muuza samaki wakavu, fundi baiskeli, wote. Misi Holt alichora jedwali, na kwa jedwali hilo siku iliyofuata mji mzima ungekuwa mlangoni petu. Nilifuta vumbi hata viti vilivyovunjika. Wakaja wale wale wa kulala.

Tukaenda na stesheni. Kondo alipoulizwa kwa nini wenyeji hawapendi kusoma, alivua kofia, akakunja uso wa huzuni na kujibu polepole ili mama aandike bila kukosea. "Memsahibu, mimi nimeishi na Wanyamwezi hawa miaka mingi, nawahurumia. Hawa ni wapagazi tangu babu zao. Mzigo wa Mnyamwezi hukaa begani. Sasa kitabu kinataka kukaa kichwani, na huko hakuna mtu aliyewahi kuwatwisha kitu."

Misi Holt akaandika neno kwa neno. Mimi nilikuwa nyuma yake ninauma midomo.

Jioni ile, tukiwa chumbani tunapanga karatasi, alinisomea rasimu yake. Alikuwa amefika mahali pasemapo kwamba desturi ya upagazi huenda imeathiri namna wenyeji wanavyopokea maarifa, na kwamba jambo hili linastahili uchunguzi wa kina. Nilishindwa kujizuia. Nilicheka mpaka nikaegemea kabati. Alinitazama kwa utulivu wa daktari, kisha akataka kujua kinachochekesha. Nikamweleza utani: kwamba Kondo hakuwa akimjibu yeye, alikuwa akinitukana mimi, na kwamba kama asingenitukana ningejua ana ugomvi nami.

Akaweka kalamu chini. "Na hawa wa kesho? Nao ni watani zako?"

"Hapana, Misi. Hao ni watu wenye adabu."

"Wamenidanganya?"

"Wamekukaribisha. Mgeni haambiwi hapana akiwa bado mlangoni."

Alikaa akiyatazama majedwali yake mazuri, yenye mistari iliyochorwa kwa rula yangu mwenyewe. Kisha naye akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka miwani ikamdondoka. Tangu hapo nilimpenda yule mama. Nimefanya kazi na wasomi wengi baada yake, na wachache mno niliowahi kuwaona wakiyacheka majedwali yao.

Mimi nami sikuwa mtu bure. Nilikuwa na tatizo langu mfukoni. Nilimpa kesho yake, limeandikwa kwa hati nzuri: "Kwa nini chumba cha kusomea cha Tabora kinahitaji vitabu vipya na karani msaidizi?" Alilisoma, akanirudishia. "Bwana Stefano, hili ni tatizo au ni ombi?" Nikajibu kwamba ni tatizo kubwa kwangu. Akasema hakatai, lakini jibu limekwisha kuvaa viatu na liko njiani, swali limewekwa mbele kama tarumbeta tu. Nilinuna siku nzima. Sasa ninyi: katika vichwa mlivyonisomea hapa, zaidi ya nusu ni maombi. Mnataka kompyuta, basi mnauliza athari za kukosa kompyuta. Ombeni kompyuta, hakuna ubaya wowote, lakini msiite utafiti.

Kwa hiyo tukawa hatuna swali. Siku ya kikao cha kamati ilikuwa inakaribia, na mwenyekiti alikwisha kuja mara moja na kamba ya kupimia, akapima ukuta hadi ukuta huku walalaji wakimpisha miguu. Nilianza kuota magunia.

Wokovu ulikuja kwa njia ya kero. Kulikuwa na kitabu cha malezi ya watoto wachanga kilichoazimwa na Mama Tekla wa Itetemia, mke wa mwinjilisti wa Kimoraviani, na kilikuwa kimechelewa kurudi kupita adabu. Nilikuwa nimetuma salamu kwa watu wa sokoni, kimya. Nikamwambia Misi Holt kwamba naomba ruhusa nikakidai, maana kanuni ni kanuni hata kama tunakufa. Yeye akainuka kama aliyechomwa na mwiba.

"Twende wote," akasema. "Nimezunguka mji huu nikiuliza watu kama wanapenda vitabu. Huyu ndiye mtu wa kwanza niliyesikia amekatalia kimoja."

Lishikeni hilo, kama hamtashika lingine. Mimi niliona deni. Yeye akaona kwamba katika mji wote usiopenda kusoma, kuna mtu mmoja anayefanya jambo ambalo swali letu halikulitegemea. Tukapanda baiskeli.

Tuliwakuta uani, wanawake wengi wamekaa juu ya mikeka na nyungo za karanga mapajani, wanamenya. Mama Tekla hakuwa akimenya. Alikuwa amekaa katikati juu ya kigoda, kitabu chetu mkononi, anasoma kwa sauti ya kuvuka ua. Akimaliza sentensi ya Kiswahili, aliigeuza kwa Kinyamwezi kwa ajili ya wale watu wazima.

"Mwangaluka, mayu," nikasalimu. Wakaitikia kwa sauti za chini. Nikakohoa kiserikali. "Mama Tekla, nimekuja kuhusu kitabu…"

Akanyoosha kiganja bila kuinua macho. "Kaeni kwanza, baba. Mtoto bado yuko majini."

Ilikuwa sura ya kumwogesha. Tukakaa. Misi Holt akawekewa ungo wa karanga, akaanza kumenya kama wengine, vibaya. Mimi nilitaka kusema tena, mama mmoja akaniambia "Shii!" kwa ukali ambao rula yangu haikuwahi kuufikia.

Nilikaa pale nikashuhudia kusoma ambako sikuwahi kukuona chini ya kibao changu. Walimkatiza. Walitaka kujua maji ya vuguvugu ni ya kupimwa kwa kiwiko au kwa kidole. Walimrudisha nyuma. Bibi mmoja aliuliza huyo aliyeandika amezaa wangapi, na aliposikia kwamba ni daktari mwanamume, akasema basi aendelee kusomwa, ila kwa tahadhari. Mstari mmoja ulitembea kutoka mkeka hadi mkeka, ukijaribiwa, ukipingwa, ukikubaliwa. Kitabu kizima kilikuwa na alama za mafuta ya karanga kwenye kila ukurasa, na mimi siku zote nilidhani madoa kama yale ni uharibifu.

Mtoto alipotolewa majini, Mama Tekla alifungua kurasa za mwisho bila kuambiwa. "Nyanzala," akasema, "haya, tuanze."

Nyanzala alikuwa binti mwenye mimba kubwa, amekaa karibu na mlango. Akaacha karanga zake. Mama Tekla alisoma mstari mmoja wa sura ya homa za watoto, Nyanzala akaurudia. Mstari wa pili, akaurudia. Wa tatu akaukosea, wote wakamngoja, akarudi mwanzo. Hakuna aliyecheka wala aliyemharakisha.

"Hajui kusoma," Mama Tekla aliniambia baadaye, pembeni. "Amezika wawili, wote kwa homa. Huyu akizaliwa na akashikwa usiku, mimi sitakuwapo kumsomea. Kwa hiyo hatukirudishi kitabu mpaka sura nzima imkae kichwani. Andika faini unayotaka, baba."

Nikamkumbuka Kondo na maneno yake ya mzigo wa Mnyamwezi. Sikuona la kuchekesha tena. Nikainama, nikajifanya nafunga kiatu, na nilishukuru kwamba Misi Holt alikuwa ameinamia ungo wake, ingawa nadhani naye aliinama kwa sababu ile ile.

Alimwuliza Mama Tekla mbona hasomei kule Kanyenye, kwenye viti na ubaridi. Mama Tekla alinitazama mimi, si kwa chuki, kama mtu anayemtazama jirani mwenye mbwa mkali.

"Nilikuja, mama. Nikakaa, nikawa nasoma polepole kwa midomo ili maneno yakae, niwapelekee wenzangu. Bwana huyu akanigongea meza. Nikajua kumbe pale si mahali pa kusomea. Ni pa kuchukulia kitabu, unakwenda kukisomea kwa watu."

"Huwezi kusoma kimyakimya?"

"Naweza. Lakini kula peke yako mbele za watu, si unaona haya?"

Ndipo Nyanzala akasema. Walikuwa wamekwisha kusikia habari za bohari. Karanga za mbegu zilikuwa zinatoka kwao, wangekosaje kusikia? Alisema bila kunitazama, akiokota maganda miguuni pake, "Mkishafunga, mtoto akiwa na homa na mimi nimesahau mstari, nitakwenda kuziuliza mbegu?"

Tulirudi mjini bila kitabu. Njiani Misi Holt alisimamisha baiskeli, akaketi kando ya njia juu ya jiwe, akatoa ile karatasi iliyopigwa chapa na kalamu ya risasi. Akakata neno "hawapendi". Akakata "wenyeji", akisema hajui tena ni akina nani. Akalitazama sana neno "kusoma", mwisho akalikata nalo, kwa kuwa nusu ya wale waliosoma leo hawajui herufi. "Kwa nini" ikaanguka yenyewe. Likabaki neno Tabora na alama ya kuuliza.

"Sasa tuna tatizo," akasema, na uso wake uling'aa.

Mimi niliona tumefilisika. Lakini pale pale kando ya njia tulianza kulijenga upya, tukibishana mpaka vivuli vyetu vikawa virefu. Mimi nilitaka tuulize mambo ya nchi nzima. Yeye akaniuliza kama nina baiskeli ya kufika nchi nzima. Nikasema basi Kanyenye na Itetemia. Nilitaka tuulize kama kusoma kwa sauti ni kuzuri. Akasema huo ni wimbo, si uchunguzi. Tukafika hapa: kitabu kimoja kikitoka kwenye chumba cha kusomea, kinafika kwa nani, kwa njia gani, na wanakifanyia nini? Lilikuwa swali dogo, la kutembelewa kwa miguu. Na uzuri wake ni kwamba hatukulijua jibu, jambo ambalo vijana wengi mnaliogopa kama ugonjwa.

Tulipolifuata swali hilo, mji ulibadilika machoni petu bila kubadilika chochote. Mshona nguo wa Kanyenye, yule wa kesho Mungu akipenda, alikuwa na msomaji wake anayekaa kando ya cherehani. Kitabu cha ufugaji nyuki kilikuwa kimezunguka vijiji kadhaa na kurudi kimenata asali, nami nilikuwa nimemfokea aliyekirudisha. Na pale stesheni, gari moshi lilipoleta magazeti, nani alisimama juu ya sanduku akawasomea wapagazi, akiigiza sauti za wakubwa mmoja mmoja? Mtani wangu Kondo. Aliponiona alilikunja gazeti haraka akasema anafungia samaki. Alinisihi nisimwandike, heshima yake ingeporomoka. Nikamwandika.

Siku ya kikao ikafika. Misi Holt alikuwa amepeleka nakala za ripoti kwa wajumbe mapema, kila mmoja na yake. Tuliingia ukumbini tukazikuta mezani, safi kabisa, kurasa zimeshikana kama zilivyotoka kwenye mashine. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyeifungua. Kamati iliyotaka kujua kwa nini watu hawasomi haikuwa imesoma.

Misi Holt aliliona hilo kabla yangu. Mwenyekiti alipomwomba aeleze kwa ufupi, akasimama, akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba Kiswahili chake hakitoshi, na kwamba kwa faida ya wajumbe wote Bwana Stefano angeisoma ripoti kwa sauti. Ulikuwa uongo mtupu, mnajua Kiswahili chake. Akanisukumia karatasi.

Nikaanza. Ukurasa wa kwanza walistahimili. Wa pili mjumbe mmoja akauliza swali. Wa tatu wawili wakabishana kuhusu yule mshona nguo, wanamfahamu. Nilipofika kwa mtu wa asali waliniomba nirudie. Mzee Hilali, mjumbe naye, alisogeza kiti chake karibu. Lilikuwa baraza kamili, limekosa karanga tu.

Lakini mwenyekiti hakuwa mjinga. Aliinua mkono akasema, "Vizuri sana. Basi watu husoma majumbani, barazani, stesheni. Kila mahali isipokuwa kwenye chumba cha kusomea. Kwa hiyo ripoti hii yathibitisha kwamba chumba hakihitajiki."

Ndiyo, wanangu: tulikuwa tumeuliza swali sahihi, tukapata jibu la kweli, na jibu la kweli lilikuwa linatufunga. Wajumbe kadhaa walitikisa kichwa kukubali. Nilimtazama Misi Holt, alikuwa amepauka. Alinong'ona, "Endelea kusoma. Ukurasa wa mwisho."

Nikasoma. Nikasoma habari za ua wa Itetemia, za Nyanzala na watoto wake wawili, za sura ya homa inayobebwa mstari kwa mstari kichwani mwa mtu asiyejua herufi. Nikafika kwenye maneno yake mwenyewe, ambayo Misi Holt aliyaacha kama yalivyo, bila kuyapaka rangi: "Mkishafunga, mtoto akiwa na homa na mimi nimesahau mstari, nitakwenda kuziuliza mbegu?"

Hakuna aliyesema kitu. Miaka yote nilikaa chini ya kibao nikigonga meza ili nipate kimya, na sikuwahi kukipata kama kile.

Mzee Hilali ndiye aliyekivunja. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. Akapangusa macho kwa ncha ya kilemba, akamgeukia mwenyekiti. "Bwana, ghala ni la babu yangu. Pembe zilikaa humo, zikaenda. Mbegu nitakutafutia pengine."

Wakapiga kura kwa mikono, chumba kibaki. Mwenyekiti aliinua wake wa mwisho, lakini aliuinua.

Misi Holt aliondoka na gari moshi wiki ile ile. Kondo alimbebea sanduku mwenyewe, begani, akisema anajifunza Kinyamwezi. Kibao cha KIMYA tulikiteremsha ukutani, pakabaki alama nyeupe ya mstatili ambayo hata chokaa haikuifuta sawasawa. Kamati walikiomba wakakitundike katika ukumbi wao wa mikutano, na nasikia hakijawahi kumnyamazisha mtu. Rula nilibaki nayo, ya kuchorea mistari.

Mama Tekla alikirudisha kitabu mara sura ilipomkaa Nyanzala, na mvua zilipokatika akaja na wenzake kutoka Itetemia. Walikaa, wakachagua kingine, na kwa kuwa yeye alikuwa na mafua, wakanitaka mimi niwasomee. Nyanzala alikuwa nyuma, mtoto mgongoni, mnene, mashavu kama andazi. Sisemi kitabu ndicho kilichomlea. Mwalimu wenu atawauliza nimethibitishaje, na atakuwa na haki. Nilimwuliza Nyanzala tu kama sura bado anaikumbuka. Akaniambia mistari miwili ilimtoka usiku mmoja mbaya, akaja asubuhi na mapema, mimi nimetoka kidogo, mlango wetu ulikuwa wazi, yule msomaji wa mshona nguo akamsomea.

Nikaanza kusoma. Mtoto akaamka, akautazama ukuta, akaangua kilio ambacho kanuni yoyote isingekiweza. Mkono wangu ulikwisha kuishika rula, kwa mazoea. Nikaiweka chini, nikapaza sauti, nikaendelea.